Ukiondolewa Mlango, Usiondoke

Ukitaka kumpata landilodi, usimtafute kwa jina lake. Ukifika langoni useme, "Namtafuta mzee fulani," utaambiwa ameenda Nairobi, na yeye mwenyewe yuko ndani anakuchungulia kwenye pazia. Sema unataka kununua mbolea. Atatoka mbio hata kama ana homa.

Hiyo nimewapa bure, wajukuu wangu, na ziko zingine. Mimi nilikuwa mpeleka samansi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua karatasi za mahakama na za baraza la kodi, lile linaloamua ugomvi wa wapangaji na wenye nyumba, na kuzitia mikononi mwa walioshtakiwa, kutoka Nyeri mpaka Nanyuki, kutoka Karatina mpaka Kagio. Nimefukuzwa na mbwa wa kila rangi. Nimekaribishwa chai na watu waliodhani mimi ni wa bima, halafu karatasi ikitoka wanakitazama kikombe kana kwamba nimekiiba. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa vilima, lakini kila Jumapili tukitoka kanisani vijana wananizunguka, wananiita bibi: "Cucu, landilodi amenikatia stima, nifanye aje?" Nimechoka kurudia. Someni hapa.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Wachira, mtu wa koti moja la kijivu lenye mifuko iliyotanuka kwa karatasi. Alikuwa na masharti yake. La kwanza, usimdanganye mtu. Ukisema umekuja kununua mbolea, nunua mbolea. Ndiyo maana kabichi zangu zilikuwa zinawashangaza majirani miaka yote hiyo, wakadhani nina dawa. La pili, usimfuate mtu kanisani wala matangani, hata kama ndipo anapopatikana. Sheria haijali, lakini watu wanajali, na wewe utaishi nao. La tatu ndilo lililonitesa. "Wewe ni miguu ya baraza," alikuwa akiniambia, "si mdomo wake. Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, nyamaza." Mtu mwenye mdomo kama wangu! Si rahisi, jamani.

Mwanzoni nilikosea, tena nilikosea vizuri. Nilitumwa Nanyuki kwa mwenye nyumba aliyemfungia mpangaji nje kwa kufuli ya pili juu ya kufuli. Nikafika kwenye boma, nikataja jina, kijana mmoja akasema, "Ni mimi." Nikampa samansi, akatia sahihi akitabasamu, akaniuliza kama nimekula. Nikarudi Nyeri nikijisifu njia nzima. Kumbe! Mnajua sisi tunavyotoa majina huku, mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa jina la babu yake. Yule mzee alikuwa na wana wengi, na kila mwana alikuwa amemzaa "baba yake," kwa hivyo boma lote lilikuwa limejaa wajukuu wa jina moja. Huyo niliyempa alikuwa akingoja hati ya shamba, akadhani imefika. Mzee Wachira alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. "Rudi," akasema, "umuulizie yule hana meno."

Funzo lenu hapo ni hili. Kabla hujalipa kodi ya kwanza, jua jina kamili la mwenye nyumba na mahali anapoishi. Siyo la keateka anayekusanya kodi, la mwenyewe. Kuna vijana wameishi kwenye bedsita miaka mitatu, ukiwauliza landilodi ni nani wanakwambia "Baba Shiru." Sasa Baba Shiru utamshtaki vipi? Wako wangapi mji huu?

Siku hizi mambo yamebadilika, najua. Samansi inaweza kutumwa kwa simu, mtu akiifungua inaonekana ameifungua, na mpeleka samansi amekaa zake akila ndizi. Mimi siwaonei wivu. Ila kabichi zao sijaziona.

Haya, sasa niwaambie ya Mama Ciku wa Kagio, maana nimeanza kuzungukazunguka. Mama Ciku alikuwa na mtoto mmoja, huyo Ciku, wa nasari. Kazi yake ilikuwa kuchagua nyanya sokoni: ngumu za kusafiri mbali huku, laini za kuuzwa leo huku. Alikuwa amepanga chumba nambari sita kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha ya mzee mmoja ambaye nitamwita Mzee Njogu, maana jina lake la kweli halitawasaidia. Asubuhi moja mzee alisimama uani, akatangaza kodi imepanda. Bila notisi, bila karatasi, kwa mdomo tu.

Mama Ciku akamjibu kwa heshima, "Mzee, niandikie notisi vile sheria inataka. Muda ukiisha, nitajua kama naweza ama nahama. Saa hii nalipa ile ya kawaida."

Mzee akaenda zake. Alingoja mama aende sokoni, akaja na bisibisi, akang'oa mlango wa nambari sita na kuupakia kwenye pikapu.

Mnacheka, lakini hiyo ni tabia ya zamani huku kwetu. Wako wanaoondoa mlango na wako wanaopanda juu wakaondoa mabati. Hesabu yao ni kwamba hawajakufukuza. Wamechukua tu mali yao, na wewe baridi ikikuzidi utatoka mwenyewe, kwa miguu yako, bila kesi. Na wengi hutoka. Wajukuu, nisikieni: hakuna mwenye nyumba anayeruhusiwa kukuondolea mlango, kukukatia maji, kukukatia stima wala kukufungia nje ili uhame. Hata kama kodi imechelewa! Akitaka kukutoa, ana njia yake ya notisi na ya kwenda mbele ya baraza au mahakama. Akitaka kushika vyombo vyako kwa sababu ya kodi, lazima dalali mwenye leseni, si mpwa wake mwenye misuli.

Lakini sheria haizuii upepo. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya ukungu isiyotoka wiki nzima. Mama Ciku akatundika shuka mlangoni. Kulala ilikuwa shida, ila shida kubwa ilikuwa kutoka. Nani ataacha chumba wazi kwenye ploti aende kazi? Akirudi atakuta hata sufuria imehama. Majirani, Mungu awabariki, wakaanza kupokezana kukaa pale kizingitini wakifuma sweta, ili apate kwenda sokoni nusu siku. Lakini majirani nao wana kazi zao. Na mwenye nyanya akamwambia wazi: kufikia mwisho wa wiki kama huji siku nzima, nafasi yako naipa mwingine. Hapo ndipo alipokuwa. Bila mlango hana kazi, bila kazi hana kodi, na akikosa kodi basi Mzee Njogu ana sababu ya kweli ya kumtoa.

Alifanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi. Hakuhama. Alipiga picha ile nafasi tupu ya mlango, akaripoti polisi akapewa nambari ya ripoti, akaenda kwa chifu. Chifu akampigia mzee simu, haikushikwa. Kodi ya kawaida aliituma kwa simu siku ileile anayotumaga kila mwezi. Hilo liwekeni akilini, nyinyi wenye damu moto, maana ukikataa kulipa kwa sababu umekasirika, umempa landilodi kesi aliyokuwa hana. Halafu kanisani kwao kulikuwa na msaidizi wa sheria, mama wa kujitolea, si wakili. Akamwonyesha jinsi ya kuandika malalamiko kwa baraza, na kuomba lisikizwe haraka. Wakaandika pamoja juu ya benchi la kwaya.

Nilikutana na Mama Ciku kwenye korido ya baraza huko Nyeri siku aliyokuja kuyapeleka. Alinishika mkono wa sweta.

"Mama, ni wewe unapeleka samansi? Huyo mzee hashikiki. Kweli utampata?"

"Nitampata."

"Na ukimkosa?"

"Kesi itaahirishwa mpaka apatikane."

"Mimi siwezi ahirishwa, mama," akasema. Nikashuka ngazi mbiombio.

Mzee Njogu alikuwa akiishi juu huko kwenye mashamba ya chai. Mara ya kwanza nilienda na haraka zangu nikamuulizia kwa jina, kama mwanagenzi. Nikaambiwa yuko Nairobi. Nikajitukana mwenyewe mpaka stendi. Kesho yake nikarudi na gunia tupu, kitambaa kichwani, nikaita kutoka langoni, "Wenyewe! Nasikia hapa kuna mbolea!"

Nikasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba. "Iko! Zunguka huku! Unataka ya ng'ombe ama ya kuku?"

Nikazunguka. Zizi lilikuwa la mbao kuukuu na mabati yenye kutu, ungelisukuma kwa kidole likaanguka. Ila mlango! Mlango ulikuwa wa chuma, wa bluu, safi, wenye kitasa kipya na nambari sita iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Mama Ciku alikuwa ameufunga siku ulipong'olewa, kwa hivyo ulimi wa kitasa ulikuwa bado umetoka, na mzee alikuwa amechonga mwimo wa zizi ili ulimi upate pa kuingia. Kazi safi kabisa. Mtu mwingine angeuficha mlango huo chini ya magunia mpaka mambo yapoe. Lakini watu wetu wa huku, kitu kizuri kukaa bure kinawauma rohoni, na Mzee Njogu alikuwa na ng'ombe wa gredi, wa kisasa wa maziwa mengi, anayeona baridi.

Yeye mwenyewe akatoka zizini akiusukuma mlango huo kwa kiwiko.

"Wewe ndiye Mzee Njogu mwenyewe?" nikauliza. "Nisije nikanunua kwa mtu asiye mwenyewe."

"Ni mimi, nani tena?"

"Basi hii ni yako, kutoka baraza la kodi. Ni kesi ya nambari sita, siku imeandikwa hapo. Na mbolea bado naitaka."

Akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo kama mtoto anayekataa dawa. Haidhuru. Mtu akikataa kupokea, unamweleza ni nini, unaiweka mbele yake, unaenda kuapa kwamba umefanya hivyo. Nikaiweka juu ya ndoo, karibu na kiatu chake. Alinuna, akaguna, na bado akaniuzia mbolea, tena akaishindilia kwa mguu ijae vizuri.

Njiani ulimi uliniwasha! Nilitaka kumpigia Mama Ciku simu palepale. Lakini mpeleka samansi akianza kuegemea upande mmoja, kesho hakuna atakayeamini kiapo chake, na wapangaji wengine wote wanaokuja nyuma wanaumia. Mzee Wachira alikuwa ameshazikwa na bado nilimsikia: usipoulizwa, nyamaza. Nikanyamaza. Niliungua ndani kwa ndani mpaka siku ya kesi, nikiomba Mungu mtu yeyote aniulize chochote.

Siku ikafika, kabla wiki ile ya mwenye nyanya haijaisha. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja wa miwani, mwenye mafua, asiyependa maneno mengi. Mzee Njogu alikuja na suti.

"Mheshimiwa, mlango uliibwa," akasema. "Hata mimi nimesikitika sana. Wezi wamezidi."

"Muongo!" Mama Ciku akaruka. "Majirani walimwona na bisibisi!"

"Majirani ni marafiki zake, mheshimiwa. Wanafuma sweta pamoja."

Mwenyekiti akaandika kitu. Mimi benchi la nyuma najikuna. Majirani wenyewe hawakuja, nauli ni nauli. Ilikuwa neno la huyu na neno la huyu, na mwenyekiti ameanza kufungua kalenda atafute siku nyingine. Mama Ciku akaiona ile kalenda. Mabega yakamwanguka.

Hapo mzee angenyamaza, angeenda nyumbani ameshinda. Lakini alitaka kuongeza chumvi.

"Na tena, mheshimiwa, mimi samansi sikupewa. Nimesikia tu kwa watu. Naomba miezi miwili nijitayarishe."

Mwenyekiti akainua macho. "Aliyepeleka samansi yuko hapa?"

Niliinuka kwa nguvu mpaka benchi likalia. "Yuko, mheshimiwa!"

"Ulimpa?"

"Nilimpa mkononi akakataa, nikaiweka mbele yake, nikamweleza."

"Wapi? Eleza vizuri."

Jamani, utamu wa kuulizwa! "Bomani kwake, mheshimiwa, mbele ya zizi. Alitoka zizini akifungua mlango."

"Zizi lina mlango?"

"Lina, mheshimiwa. Wa chuma, wa bluu, una kitasa kipya. Na una nambari sita."

Mama Ciku akasimama polepole, mkono kifuani. "Ngai," akasema, "kumbe ng'ombe ndiyo inalala na mlango yangu?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko, hata karani. Mzee Njogu akapaza sauti kwamba milango ya bluu ni mingi Kirinyaga nzima. "Basi tutaenda kuutazama huo wako," akasema mwenyekiti, akapenga kamasi. Akaamuru karani wa baraza aende kesho asubuhi na mimi nimwonyeshe njia.

Kesho yake tulipofika na Mama Ciku, mlango ulikuwa wa kijani. Rangi ilikuwa bado mbichi, inanuka mpaka barabarani, na nambari haikuwepo. Mzee Njogu alisimama kando na uso wa mtu asiyejua kitu, vidole vyake vya kijani. Hata ng'ombe alikuwa amejisugua hapo, ana mstari wa kijani ubavuni kuanzia bega mpaka mkia. Ningecheka, lakini karani, kijana mwaminifu anayeandika anachoona, alijikuna kichwa akamwambia Mama Ciku, "Mama, malalamiko yanasema mlango wa bluu wenye nambari. Huu ni wa kijani. Nitaandika nini?" Niliogopa, wajukuu. Niliona kalenda inafunguliwa tena.

Mama Ciku hakubishana. Aligeuka, akaingiza mkono kifuani, akatoa leso iliyofungwa fundo, na ndani ya leso ufunguo.

"Kitasa nilinunua mimi," akamwambia karani. "Ile ya zamani iliharibika, huyu mzee akakataa kutengeneza. Niko na ufunguo yake."

Akautia. Akazungusha. Ule ulimi uliokuwa umetoka nje tangu siku ya kung'olewa ukarudi ndani, klak. Akazungusha tena, ukatoka. Akafunga, akafungua, akafunga, akafungua, machozi yanamtiririka na mikono yake imejaa rangi ya kijani. Mimi pia nililia, sioni aibu kusema. Mzee Njogu alikuwa akimtazama ng'ombe.

Uamuzi ulitoka siku hiyohiyo. Mzee aurudishe mlango kwa mikono yake mwenyewe kabla jua halijatua, kodi isiguswe bila notisi ya kuandikwa, na asiingie chumbani mwa mpangaji bila ruhusa. Mimi nilitumwa nipeleke amri hiyo na nione imetekelezwa.

Nyinyi msingoje mpaka mfike hapo. Anzeni kwa chifu, wengi wa wenye nyumba wanaogopa kuitwa kwa chifu kuliko kuitwa mbinguni. Polisi wakikwambia "hayo ni ya nyumbani," omba tu nambari ya ripoti, usigombane. Ulizia wasaidizi wa sheria kanisani au pale mahakamani, wapo na hawalipishi. Dipoziti ikikwama, kuna mahakama ya madai madogo, unaenda mwenyewe na maneno yako. Na baraza la kodi halitaki wakili, linataka ukweli wako na uje mapema. Mkiogopa kwenda peke yenu, nendeni wawili.

Jioni ile ploti nzima ilikuwa uani Kagio, wengine wamekalia ndoo. Mzee Njogu aliushusha mlango kutoka kwenye pikapu, akatoa jasho, akafunga bawaba moja baada ya nyingine, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemcheka. Alipomaliza, Mama Ciku alimshika Ciku mkono, wakaingia, akafunga kwa ufunguo.

Mzee akaanza kukusanya vyombo vyake. Nyundo iko, misumari iko. Bisibisi hakuna. Ilikuwa imebaki ndani, juu ya stuli.

Huyu ni mtu aliyekuwa akisukuma milango ya wapangaji wake apendavyo, mtu ameoga hajaoga. Akaweka mkono kwenye komeo. Akanitazama. Mimi nikatazama mawingu. Akautoa mkono, akakunja ngumi, akagonga.

"Hodi."

Ndani tulisikia kiti kikivutwa, na mtu akikaa.

"Hodi," akarudia, sauti imepungua.

"Nani?" akauliza Mama Ciku.

"Ni mimi, Njogu. Naomba bisibisi yangu."

"Ngoja," akasema Mama Ciku. Na mzee akangoja.